Nikijitengenezea, Namkosea Nani?

Rafu yenyewe si kitu cha kuandikiwa insha. Urefu wake wanifika kifuani, ina vyumba vinne, imetengenezwa kwa mbao za paleti, na ukiisukuma kwa kidole ilikuwa ikiyumba kama mtu aliyeshuka kwenye feri siku ya kusi kali. Siku hizi iko barazani, imejaa viatu. Lakini haikuanza maisha yake barazani. Ilianzia chumbani kwa mpwa wangu, nyumbani kwetu Chaani, Changamwe, na nitaeleza ilivyotolewa huko.

Niliitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, Jumamosi mbili mfululizo, na nikaipiga picha hata kabla vanishi haijakauka. Nikaiweka kwenye status. Maoni yakamiminika: "Wee, ni wewe umeitengeneza?" "Nifunze na mimi!" "Fundi wa kike, heshima!" Nilifurahi. Sitadanganya.

Jumatatu asubuhi, nikielekea steji, nilipita mbele ya banda la Fundi kama ninavyopita kila siku. Fundi yuko pale kwenye kona tangu mimi niko nasari: banda la mabati, meza moja ndefu ya kazi, jiriwa lenye kutu, na rundo la maranda ambalo kuku wa majirani hulilalia. Akanyanyua kichwa.

"Mama, hongera. Nimeiona rafu."

"Umeionea wapi, Fundi?"

"Binti yangu amenionyesha kwa simu." Akanyamaza kidogo, akapuliza vumbi kwenye ubao. "Safi."

Akarudi kwenye randa yake. Basi, ni hayo tu. Hakununa, hakunirushia maneno. Lakini nilipanda matatu nikiwa na ile hali ya mtu aliyefumaniwa jikoni na kijiko mdomoni. Njia nzima najiuliza: kwani nimeiba nini?

Insha hii ni jaribio la kulijibu swali hilo.

Tuanze na hesabu, manake wengi wetu tunapoamua kujitengenezea vitu vya nyumbani, hesabu ndiyo inayotupeleka. Fundi alikuwa amenitajia 4,500 kwa rafu kama ile: 3,000 ya mbao na vifaa, 1,500 ya ufundi wake. Nikaona ni nyingi. Nikaenda kununua paleti mbili, 700. Mkokoteni wa kuzileta nyumbani, 250. Misumari na skruu, 180. Msasa, 120. Vanishi, 400. Msumeno wa mkono, 650, kwa sababu ule wa jirani ulikuwa butu kama kijiti. Jumla 2,300. Nimeokoa 2,200, na msumeno nimebaki nao.

Ukiwa wewe si wa Changamwe, paleti ni jambo la kueleza kidogo. Sisi tuko mgongoni mwa bandari ya Kilindini. Mizigo ikishuka melini, kontena nyingi hupitia huku kwetu kabla ya kuelekea bara, na zikifunguliwa, vile vichanja vya mbao vilivyobeba mizigo hubaki. Mtaani ubao haukai bure. Paleti iliyotoka Asia inakuwa banda la kuku, inakuwa kitanda, inakuwa meza ya mama mboga. Kwa hivyo mimi sikuvumbua chochote. Nilifanya tu kile ambacho watu wa huku wamekuwa wakikifanya siku zote, tofauti ni kwamba nilikifanya nikiwa na simu mkononi na mwalimu wa video anayeongea lugha nyingine kutoka jiko lenye madirisha makubwa.

Sasa, kuhusu Fundi. Karibu kila kitu cha mbao nyumbani kwetu amekitengeneza yeye. Kitanda cha wazazi, meza ya kulia, kabati la vyombo, hata ule ubao wa kukatia mboga ambao mama hataki utupwe japo umepinda. Mwaka ambao baba alikosa kazi, Fundi alitutengenezea kitanda cha ghorofa, mimi na ndugu yangu, akalipwa mia mbili mia mbili mpaka deni likaisha. Hakuna karatasi tuliyoandikiana. Na baba alipofariki, Fundi alikuwa miongoni mwa waliotangulia kushika jeneza.

Kwa hivyo unaweza kusema: hapo ndipo penye kosa. Umekula na mtu wakati wa njaa, umepata kazi ya mezani na mshahara wa mwisho wa mwezi, sasa unamruka. Mama hakuyasema hivyo, lakini aliniuliza swali moja tu alipoiona rafu: "Fundi amejua?"

Nijitetee kwanza.

Utetezi wa kwanza ni mafundi wenyewe. Nani asiyewajua? Unatoa pesa ya mbao leo, kesho simu haishikiki. "Niko njiani" maana yake hajaamka. Fundi wetu si mbaya kiasi hicho, lakini kabati la mama lilichukua miezi minne, na kila wiki kulikuwa na hadithi mpya kuhusu mashine ya kupasulia mbao. Mtu akiamua kujifanyia ili aepuke hadithi, siwezi kumlaumu.

Utetezi wa pili ni mzito zaidi kwangu. Nikiwa na miaka kumi hivi, nilikuwa napenda kukaa pale bandani baada ya shule. Nilipenda harufu ya mbao na jinsi maranda yanavyojikunja yakitoka kwenye randa. Siku moja nikaomba nijaribu. Fundi akacheka, cheko la upendo kabisa, akasema, "Randa si ya msichana, mama. Nenda kamsaidie mamako." Wiki hiyo hiyo alimfunza kaka yangu jinsi ya kushika msumeno. Kaka hakuwa na haja nao. Mpaka leo hajui kutofautisha skruu na msumari, na wala hajali. Mimi ndiye niliyekuwa na haja.

Basi, miaka zaidi ya kumi na tano baadaye, mwanamke mmoja kwenye simu akanionyesha namna ya kupima, kukata, kupiga msasa kwa kufuata mkondo wa ubao, na hakuniuliza kama mimi ni msichana. Nikiitazama ile rafu siioni 2,200. Namwona mtoto wa miaka kumi aliyeambiwa akamsaidie mamake. Hilo sioni la kumwomba mtu msamaha.

Lakini utetezi huu una kasoro, na ni mimi mwenyewe niliyeigundua, kwa hivyo ningekuwa mwongo nikiificha. Haki yangu ya kujifunza ni jambo moja. Pesa niliyookoa ni jambo jingine. Naweza kuwa na ya kwanza bila kuwa nimeijibu ya pili.

Mtindo huu wa DIY, yaani jifanyie mwenyewe, ulipata nguvu katika nchi ambazo saa moja ya fundi ni ghali. Huko, mtu wa kawaida akitaka rafu, ama aipige mwenyewe ama ainunue dukani ikiwa vipande vipande kwenye boksi. Ubao ni rahisi, mtu ni ghali. Huku kwetu mambo yamegeuka. Tazama tena zile hesabu: vifaa vya Fundi ni 3,000, siku mbili za mwili wake ni 1,500. Kwetu kilicho ghali ni ubao, na kilicho rahisi ni binadamu. Kwa hivyo nikitaka kupunguza gharama kwa kumwondoa binadamu, nakata nyama pale ambapo tayari pamebaki mfupa. Katika ile 2,200 niliyookoa, 700 ilitoka kwenye mbao. Ile 1,500 yote ilikuwa yake.

Kuna jibu la zamani kwa hoja kama hii, na ni jibu zuri. Mwaka 1850 mwandishi wa Ufaransa aitwaye Frédéric Bastiat aliandika kuhusu mtoto aliyevunja kioo cha dirisha. Watu wakakusanyika, wakamliwaza baba mtu: usijali, vioo visipovunjika, mafundi wa vioo watakula nini? Bastiat akasema, haya, fundi wa kioo anaonekana akilipwa. Lakini kuna mtu asiyeonekana. Baba yule angekuwa na kioo chake kizima, na pesa hiyo hiyo angenunulia viatu. Fundi viatu ndiye aliyepoteza, ila hakuna anayemwona. Kwa mantiki hiyo, mimi sikuiondoa 2,200 duniani. Niliihamisha tu. Haikumfikia Fundi, ilimfikia mtu mwengine. Kwa nini basi nisikitikie mmoja na nisimfurahie mwengine?

Nikaona ni sawa. Nikakaa na kalamu nitafute huyo mtu mwengine ni nani. 500, bando la intaneti, nyingi yake iliishia kwenye hizo hizo video. 900, taa za kamba kutoka China za kuipambia rafu ili ipendeze kwenye picha. 800, pizza upande wa Nyali, mimi na rafiki yangu, kusherehekea kwamba nimeokoa pesa. Jumla 2,200. Yote imekwisha.

Sisemi kwamba muuza pizza hana watoto. Anao. Bastiat yuko sahihi kwamba pesa haipotei. Lakini hesabu yake inahesabu watu kama shilingi: mmoja ni sawa na mwengine, ukimtoa huyu ukamweka yule, jumla haibadiliki. Mtaani siyo hivyo. Aliyetengeneza zile taa za kamba hatakuja kushika jeneza la mama yangu. Na mimi sitamjua mtoto wake akifaulu mtihani. Shilingi hazina sura, watu wanazo. Pesa iliyohama kutoka kwa Fundi ilihama pia kutoka kwenye mazungumzo ya miaka thelathini.

Hapo nikajiuliza: mbona mama hakuwahi kuonekana mkosaji? Maana katika nyumba yetu, mtu wa kwanza wa kujitengenezea si mimi, ni yeye. Alikuwa akinunua mafulana ya mitumba Kongowea, yale yaliyochanika ambayo muuzaji anakaribia kuyatupa, akayakata utepe utepe, akayasuka misuko mitatu, akaizungusha na kuishona mpaka ikawa zulia la duara. Leso iliyochakaa upande mmoja aliigeuza foronya. Mto aliujaza sufi. Mkebe wa maziwa ulikuwa koroboi siku stima zikipotea. Ufagio wa njukuti, hata wa kununua aliufungua akaufunga upya kwa sababu "hawa hawajui kukaza".

Nisipambe umaskini. Mama hakusuka zulia kwa sababu ya urembo. Sakafu ilikuwa simiti tupu, sisi tulikuwa wadogo, na pesa hakuna. Angekuwa nazo angenunua zulia dukani na asingegeuka nyuma. Lakini hata hivyo kuna kitu alichokuwa nacho ambacho mimi sikuwa nacho nilipokuwa napigilia misumari uani peke yangu na simu imeegemezwa kwenye ndoo.

Nilikifahamu nilipomkumbuka nyanya, kule Kwale. Nyanya alikuwa akisuka mikeka. Ukindu hukatwa, huanikwa, mwengine hutiwa rangi, kisha huchanwa na kusukwa ukili, ule utepe mrefu, pima kwa pima. Halafu ukili hushonwa pamoja, ndio unakuwa mkeka. Kazi hii yaweza kufanywa na mtu mmoja. Sikumbuki kumwona nyanya akiifanya peke yake. Alasiri walikuwa wanakaa watatu, wanne, kila mmoja na ukili wake, vidole vinakwenda na midomo inakwenda. Wa mmoja ukipungua, mwengine alimwongezea. Mkeka ulikuwa wa nyanya, ndiyo, lakini ukiuliza nani ameutengeneza, jibu lingechukua muda.

Hapa hapa Changamwe kuna Akamba Handicraft, ushirika wa wachongaji ulioanza mwaka 1963. Ukiingia unawakuta chini ya mabanda wamekaa karibu karibu, huyu ana twiga, yule ana kifaru, mwengine kazi yake ni msasa. Husimuliwa kwamba uchongaji huu wa Wakamba ulitokana na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyewaona Wazaramo wakichonga alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Akarudi kwao akachonga, wengine wakamtazama, nao wakatazamwa. Katika mnyororo wote huo hakuna hata mmoja aliyejifunza "mwenyewe".

Wala mimi. Yule mwanamke wa video ni mtu, alijisumbua, alinifunza. Tatizo ni kwamba rafu ilipoanza kuyumba sikuweza kumwita aje aitazame.

Ikabidi nimwite Fundi.

Ilinichukua wiki mbili kumwita, kwa aibu. Alikuja jioni, akakubali 300 ya kuirekebisha, akailaza chini kama daktari anavyomlaza mgonjwa. Kuyumba kulikuwa jambo dogo. "Umepigilia misumari mitupu, na nyuma hukuweka ubao wa mshazari. Hii yataka kushikwa mgongo." Akaweka, skruu nne, ikasimama. Halafu akageuza vile vipande vya miguu, akavitazama, akauliza, "Hii paleti ulinunua ukiangalia muhuri?"

Muhuri gani?

Paleti za kusafirisha mizigo ya kimataifa zina alama iliyochomwa au kupigwa kwenye ubao: picha ya suke la ngano, herufi za nchi, na herufi za namna zilivyotibiwa ili wadudu wasisafiri ndani ya mbao. HT maana yake zimetiwa joto, mpaka kiini cha ubao kifike nyuzi 56 kwa dakika 30. Hizo hazina neno. MB maana yake zimepigwa gesi ya methyl bromide, ambayo ni sumu. Ushauri wa kawaida ni kwamba zenye MB zisitumike kwa fanicha za ndani. Kwenye mguu mmoja wa rafu yangu, chini ya vanishi niliyoipaka kwa upendo, palikuwa na M na B.

"Mbao za paleti hii ni zipi?"

Sikujua. Nilikuwa nimechanganya zote mbili, nikapiga msasa, nikapaka rangi moja.

"Mimi kwa mtoto siiweki," akasema. Usiku huo huo tukaitoa chumbani, mimi na yeye, tukaiweka barazani. Nguo za mpwa wangu zikarudi kwenye katoni.

Ingekuwa rahisi kumalizia hapa. Kumbe fundi ajua zaidi, kumbe rahisi ni ghali, mwisho wa hadithi. Lakini hiyo ingekuwa kukwepa swali. Mambo ya muhuri ningeweza kuyajua kwa kusoma dakika tano zaidi. Tuseme ningesoma. Tuseme rafu ingekuwa imara, safi, salama, nzuri kuliko ya Fundi. Bado Jumatatu asubuhi ningepita pale kwenye kona, na bado angesema "safi" kwa sauti ile. Ubora wa rafu haukuwa swali.

Kwa hivyo nikamuuliza, tukiwa tumekaa barazani na chai.

"Fundi, ulikasirika?"

"Kwa lipi?"

"Kwa kuwa sikukupa kazi."

Akacheka. "Mama, rafu siku hizi hata supamaketi zauzwa. Nikimkasirikia kila asiyenunua kwangu nitalala lini? Mimi nilisema tu: huyu mtoto wa nyumba ile, apita hapa kila siku, hakuweza kunipitia?"

"Nikupitie nifanye nini, na kazi sikupi?"

"Unipitie tu. Uniulize, Fundi, paleti ipi nzuri? Ningekwambia. Bure pia ningekwambia."

Kwa miaka mingi nimekuwa nikimpita Fundi. Sikuwa nikimpitia. Herufi moja tu, na ndani yake ndimo lilimokuwa jibu nililokuwa nalitafuta kwa kalamu na kikokotoo.

Nadhani sasa naweza kulisema. Sikumwibia Fundi pesa. Pesa yangu haikuwa yake, na hakuna mtu mwenye haki ya kudai mwengine abaki hajui kitu ili yeye apate kazi. Tukikubali hilo, tutakuwa tunawazuia wasichana wasiguse randa mpaka kiyama. Nilichomnyima ni kuhitajika. Nacho hakirudishwi kwa pesa. Ningempelekea ile 1,500 kwenye simu, nikasema "Fundi, shika ya chai," ningekuwa nimemtukana, na sote wawili tungelijua hilo.

Ukivuka Nyali ukaelekea Kisauni, kuna Bombolulu, karakana zilizoanzishwa mwaka 1969 ambapo watu wenye ulemavu hutengeneza vipuli, mikufu, vitu vya ngozi, nguo. Kuna njia rahisi zaidi ya kumsaidia mtu asiyeweza kutembea: mpe pesa. Wale walioanzisha Bombolulu waliona kwamba haitoshi. Mtu hataki kula tu. Anataka kuwe na kitu ambacho, asipokuwepo, kitakosekana. Sisi wenye mwili mzima tunalisahau hilo kwa sababu bado simu zetu zinalia. Fundi yake imepunguza kulia. Kwanza yakaja masofa ya dukani, kisha yakaja maboksi ya kuunganisha, sasa tumekuja sisi, watoto wake mwenyewe, na msumeno wa 650 na taa za kamba.

Kwa hivyo kanuni yangu imekuwa ndogo, ya watu wa kona moja. Kitu ninachoweza kukikosea bila kumuumiza mtu, nitajitengenezea: foronya, pazia la leso, zulia la mafulana, rafu ya viatu. Stima na gesi sigusi. Kabla ya kuanza, napitia kwa anayejua, na muda wake wa kunifunza naulipia, kwa sababu ujuzi ni kazi hata usipotoa maranda. Na nikisema nimeokoa, nataja pesa imekwenda wapi. Kama imekwenda kwenye pizza, basi sikuokoa, nilibadilisha tu nani ale.

Nilidhani nimemaliza. Kisha mwezi uliopita jirani yetu, mwenye watoto watatu, akanisimamisha mlangoni. Ameona rafu barazani, imesimama vizuri, ataka kama ile. Fundi amemwambia 4,500. "Wewe wanifanyia kwa ngapi? Elfu mbili na nusu?"

Ningeweza. Nina mshahara, kwangu mbao ni raha ya Jumamosi, bei yoyote ni faida. Na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kujitengenezea changu ni jambo moja. Lakini mtu anayechonga kwa raha akishindana bei na mtu anayechonga kwa kodi ya nyumba, yule wa raha atashinda kila mara, na ushindi wake hauna hata maana kwake. Kwa upande mwengine, jirani naye ana watoto watatu na 4,500 hana. Nikikataa kwa ajili ya Fundi, namtoza yeye heshima yangu.

Nikamwambia, "Dada, twende tumpitie Fundi."

Tulikaa pale kama nusu saa. Walivutana, wakataniana, mimi nikawa kama mshenga. Mwisho tukakubaliana: paleti za HT, jirani azitafute mwenyewe kwa muhuri, Fundi akate na kuunga, mimi nipige msasa na vanishi. 3,200 jumla, vifaa ndani. Kwa Fundi, 1,200. Kwangu, 300. Fundi amepoteza 300 ukilinganisha na bei yake ya ufundi, na siwezi kudai kwamba haki imetendeka. Nimehesabu mara nyingi na kila mara kuna mtu anabaki amepunjwa kidogo. Labda kupunjwa kidogo kwa zamu, mkionana macho, ndio ujirani wenyewe.

Jumamosi nilifika bandani na msasa wangu. Kuku walikuwa juu ya maranda. Fundi akaupapasa ubao wa juu kwa kiganja, akakunja uso.

"Huu msasa hauuwezi," akasema. Akanisukumia randa juu ya meza bila kuniangalia. "Shika. Siyo hivyo. Mkono wa mbele uulegeze. Wewe wapenda sana kukaza."

Nilimkumbusha ile siku ya miaka kumi. Alifikiri kwa muda, nadhani kwa dhati kabisa.

"Mimi? Nilisema hivyo? Sikumbuki."

Kisha akaanza tena kulalamika kuhusu mkono wangu wa mbele.